Kujaza rangi bila kukunja kitambaa: somo la udarizi kutoka Bayeux

Watu wengi wanaotaka kudarizi picha kwa mara ya kwanza huulizia mishono: ipo mingapi, na mtu aijue ipi ndipo aanze. Wakishaambiwa, hununua nyuzi za kila rangi, huchora ua lenye petali pana, kisha hulijaza kwa kuvusha uzi ukingo hadi ukingo, mbele na nyuma. Petali ya pili haijaisha, kitambaa kimeshakunjamana. Hapo ndipo kazi nyingi huishia kabatini, na mwenyewe akasema hana mkono wa kudarizi. Mkono anao. Kilichomkwamisha ni jambo moja la ufundi ambalo hakuelezwa: namna ya kujaza eneo pana kwa rangi bila kukivuta kitambaa.

Jambo hilo lilipatiwa jibu zaidi ya miaka 900 iliyopita, na kazi iliyofanywa kwa jibu hilo ingalipo. Ni ile picha ndefu ya Bayeux, mji ulio Normandy, Ufaransa, inayosimulia jinsi William wa Normandy alivyovuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa Uingereza baada ya vita vya Hastings. Wanahistoria wengi wanaamini ilidariziwa Uingereza katika miaka ya 1070, na kwamba aliyeiagiza ni Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama. Urefu wake ni karibu mita 70, kimo chake nusu mita hivi. Humo mna meli, farasi, majumba, karamu, maiti uwanjani, na hata nyota yenye mkia ambayo leo tunaijua kwa jina la Halley. Ukiitazama yote kwa pamoja unaweza kukata tamaa. Ukiisogelea, uzi kwa uzi, unaona imetengenezwa kwa vitu vichache mno.

Kitambaa ni kitani, uzi ni sufu. Rangi ni kama 10 tu, na zilitokana na mimea mitatu: mmoja ulitoa nyekundu mizizini mwake, wa pili buluu majanini, wa tatu njano. Kijani na rangi nyinginezo zilipatikana kwa kuchovya uzi katika rangi moja, kisha katika nyingine. Mishono inayobeba karibu kazi yote ni miwili, mmoja wa kuchora mstari na mmoja wa kujaza. Mingine hutokea hapa na pale.

Mshono wa mstari ni mwepesi. Uzi unapiga hatua moja mbele, sindano inarudi nusu hatua kwa chini, inatokea ubavuni mwa uzi uliotangulia, kisha hatua nyingine. Unapata mstari mnene uliosokotwa kama kamba. Kwa mshono huo wadarizi wa Bayeux walichora nyuso, vidole, mikunjo ya nguo na maandishi ya Kilatini yanayoeleza matukio. Sharti lake ni kwamba ukianza na uzi ukiwa upande wa chini wa sindano, ubaki upande huo hadi mwisho wa mstari. Ukiubadilisha katikati, msokoto unakatika na jicho linapaona papo hapo. Kwenye kona au mviringo mdogo, fupisha hatua.

Mshono wa kujaza ndio unaostahili kuchunguzwa kwa utulivu. Tuchukue tumbo la farasi mmoja. Mdarizi alilaza nyuzi ndefu sambamba, zikigusana, kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini sindano ilipozama ukingo wa pili, hakuipitisha nyuma ya kitambaa kuirudisha ilikotoka. Aliitoa palepale, kando kidogo tu ya pale ilipozama, na uzi ukarudi kwa juu. Kwa hiyo mbele kuna rangi iliyojaa, na nyuma kuna vidoa vya uzi kwenye kingo tu. Tabaka hilo lilipokamilika, alilaza nyuzi nyingine kwa kukatiza zile za kwanza, mojamoja, zikiachana kwa milimita chache. Mwisho akaubana kila uzi wa kukatiza kwa mishono midogo sana, iliyozama na kutokea karibukaribu. Kulaza, kukatiza, kubana. Ndiyo siri yote ya farasi wale, ya matanga yale na ya mawimbi yale.

Kwa nini njia hii inafaa? Unapojaza kwa kuvusha mbele na nyuma, uzi ulio nyuma ni mwingi sawa na ulio mbele, na kila mshono unazivuta kingo mbili zikaribiane. Mshono mmoja haudhuru. Mia moja ikivuta kwa pamoja, kitambaa hakina budi kukunjamana. Tena uzi wa sentimita 3 usiobanwa popote hulegea, hunasa kwenye pete au kucha, na picha huharibika hata kabla haijatundikwa. Njia ya Bayeux inaondoa kasoro zote mbili, kwa sababu nyuma hakuna uzi mrefu wa kuvuta na mbele kila uzi umeshikwa. Isitoshe, inaokoa karibu nusu ya uzi. Hilo lilikuwa jambo zito kwa watu waliochemsha mizizi na majani ili kupata rangi, na ni zito kwa anayenunua uzi kwa fedha yake leo.

Lingine la kujifunza ni walichokiacha wazi. Nyuso na mikono ya watu wa Bayeux havikujazwa kitu. Ni mstari tu juu ya kitani kitupu. Nyuma ya watu na farasi pia pameachwa hivyo hivyo, hakuna mbingu iliyojazwa wala majani ya uwanjani. Waliovizoea vitambaa vya makochi na vya meza vya mama zetu wanalijua hili bila kufundishwa: ua na majani yake hudariziwa pembeni, na weupe wa kitambaa huachwa ufanye kazi yake. Anayeanza akijilazimisha kujaza kila pembe anajiongezea miezi ya kazi na picha haipati uzuri wowote wa ziada.

Rangi nazo zilitumika kwa akili. Wapo farasi wa buluu. Na farasi mmoja anaweza kuwa na miguu ya upande wa karibu ya rangi moja, ya upande wa mbali ya rangi nyingine kabisa. Mdarizi hakuwa anaiga ngozi ya farasi. Alitaka jicho litenganishe mguu ulio mbele na ulio nyuma, na alilipata hilo bila kivuli chochote. Nawaona wanaoanza wakizunguka maduka kutafuta nyuzi tano za kijani zinazokaribiana ili jani lifanane na jani la kweli. Chukua kijani mbili zilizo mbali kwa weusi na weupe, jani la mbele lipate moja na la nyuma lipate nyingine, na kazi itasomeka hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Wala tusidhani walioifanya kazi ile walijua yote tangu siku ya kwanza. Kitani kile ni vipande 9 vilivyounganishwa. Kwenye kiungo cha kwanza, mistari ya pambizo haikukutana vizuri. Viungo vya baadaye vimefichwa vyema mno, ni vigumu kuviona. Walijifunza kazini, na ushahidi wa kujifunza kwao wakauacha humohumo.

Mfano wa karibu zaidi wa kujifunza hivyo uko Afrika Kusini, katika kijiji kiitwacho Hamburg, kando ya mlango wa mto Keiskamma, Eastern Cape. Daktari na msanii Carol Hofmeyr alihamia huko mwaka 2000 na kuanzisha mradi wa sanaa pamoja na wanawake wa hapo. Walijifunza kudarizi, kisha wakaichukua picha ya Bayeux kuwa kielelezo na kudarizi historia ya watu wao hadi uchaguzi wa mwaka 1994. Kazi hiyo, inayozidi mita 100, ilikwenda kutundikwa katika jengo la Bunge, Cape Town. Mimi naihesabu kuwa hoja kubwa kuliko zote dhidi ya dhana kwamba picha kubwa ni za waliozaliwa na kipaji.

Sasa twende nyumbani. Tuseme unataka picha ya jahazi, nakushauri uanze na hiyo kwa sababu tanga ni eneo pana lenye umbo rahisi, hasa linalohitaji mshono wa kulaza. Picha nzima isizidi kiganja, na tanga lisizidi sentimita 6 kwa kimo. Rangi tatu zinatosha: moja ya tanga, moja ya mwili wa chombo, moja ya mistari. Bahari iwe mistari miwili au mitatu ya mawimbi. Mbingu iache.

Kitambaa cha merikani kinafaa sana, kwa kuwa ni pamba, hakinyumbuki, na hupatikana kwa bei nafuu. Kifue na kukipiga pasi kabla hujachora, maana pamba mpya husinyaa, na ikisinyaa baada ya kudariziwa hakuna dawa. Uzi wa kudarizi wa pamba kwa kawaida huwa na nyuzi ndogo 6 zilizolazwa pamoja. Zitenganishe. Tumia 3 kwa kulaza tanga na 2 kwa mistari. Kata uzi usiozidi urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kwa kuwa uzi mrefu huchakaa kwa kupitapita na kujifunga mafundo. Uzi wa kufumia sweta uuache, ni mnene na unavutika. Rangi nyekundu na nyeusi zijaribu kwanza: lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe, uone kama kinaachia rangi.

Kuchora, tundika mchoro kwenye kioo cha dirisha mchana, weka kitambaa juu yake, ufuatishe kwa penseli nyepesi. Kaboni ya ofisini usiiguse, wino wake hautoki.

Kisha fremu, zile pete mbili za mbao au plastiki zinazobana kitambaa. Kwa mishono mingine mtu anaweza kudarizi mkononi. Kwa mshono wa kulaza fremu ni lazima, kwa sababu nyuzi zilizolazwa zinakaa sawa iwapo tu kitambaa kimekazwa. Kaza hadi ukikigonga kwa kidole kitoe sauti. Ukipumzika usiku, kitoe, pete zisiache alama.

Laza nyuzi za tanga kutoka juu kwenda chini. Anzia katikati ya umbo kwenda pembeni, kisha rudi katikati umalizie upande wa pili. Ukianzia pembeni, nyuzi huelekea kupinda kidogokidogo bila wewe kujua. Nyuzi za kukatiza zilaze kwa upana, zikiachana milimita 4, zitaonekana kama mishono ya tanga lenyewe. Bana kila moja kwa mishono midogo inayoachana kiasi hicho hicho, na katika mstari unaofuata uweke mshono wako katikati ya miwili ya juu. Usiuvute uzi kwa nguvu. Ukiona kitambaa kinaanza kuingia ndani, legeza pale pale. Mstari wa ukingo uwe wa mwisho, maana utafunika penseli na vitundu vya sindano kwa wakati mmoja.

Kuhusu upande wa nyuma, nina maoni tofauti na walimu wengi. Wanafunzi huchapwa kwa maneno kwamba nyuma lazima pawe safi sawa na mbele. Picha inatundikwa ukutani, nyuma haionekani. Kinachotakiwa nyuma ni kutokuwa na mafundo yatakayovimba mbele, na kutoburuta uzi mweusi chini ya kitambaa cheupe, kwa maana utaonekana. Zaidi ya hapo ni kujisumbua.

Limebaki jambo la jina. Mwaka 1885 wanawake wa mji wa Leek, Uingereza, wakiongozwa na Elizabeth Wardle, walianza kudarizi nakala kamili ya picha ya Bayeux. Leo iko katika makumbusho ya Reading. Waliodarizi picha ya asili hatuwajui hata mmoja kwa jina. Wale wa Leek walidarizi majina yao chini ya sehemu walizofanya, nasi tunawajua. Jahazi lako likiisha, tia jina lako na mwaka pembeni, kwa uzi uleule wa mistari.