Kuibadili Beringi ya Gurudumu la Mbele: Uchambuzi wa Kazi Moja ya Kamakis

Katika gereji moja ya uwanja wazi huko Kamakis, upande wa Ruiru, si mbali na mahali ambapo Eastern Bypass hukutana na barabara kuu ya Thika, lililetwa gari dogo aina ya Toyota Corolla, lile ambalo watu wetu huliita "110", la miaka ya mwisho ya 1990, likiwa na uvumi upande wa mbele ambao ulianza gari lilipofikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ukazidi kadiri mwendo ulivyozidi. Mwenye gari alikuwa ameshanunua matairi mawili mapya kwa kudhani kwamba uvumi ule ni wa matairi, wala haukupungua hata kidogo. Kazi iliyofuata naiona inastahili kuchambuliwa kwa kituo, kwa kuwa ndani yake mna jambo moja ambalo, kwa rai yangu, ndilo huamua kama beringi itadumu miaka au miezi, nalo ni njia ambayo nguvu hupitia wakati beringi inapotolewa na wakati inapotiwa.

Fundi, kijana aliyejifunzia kazi yake katika jua kali kama wenziwe wengi, hakuanza kwa kufungua kitu. Alilipanda gari, akalipeleka kwenye Eastern Bypass, ambayo tangu ilipoanza kupanuliwa mwaka 2021 ina sehemu ndefu zilizonyooka zenye lami laini, akasikiliza. Uvumi wa tairi hugeuka lami inapogeuka, ilhali uvumi wa beringi hufuata mzunguko wa gurudumu tu, na hata gia ikitolewa injini ikabaki inanguruma peke yake, wenyewe huendelea kama kwamba hapakutokea jambo. Kisha akauyumbisha usukani taratibu. Gari linapoelekea kulia, uzito wake huegemea magurudumu ya kushoto, na uvumi ukipanda wakati huo, aghalabu mkosaji ni beringi ya kushoto. Ukapanda.

Aliporudi, gari lilipandishwa kwa jeki likakalishwa juu ya stendi, na fundi akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa, likacheza. Akalishika kwa mbavuni, likatulia, jambo lililoziondolea tairodi shutuma. Lakini kucheza kwa juu na chini kunaweza pia kusababishwa na boljointi iliyochakaa, na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo ningependa kila fundi alifanye: alimwamuru mwanagenzi akanyage breki, akatikisa tena, na ule mchezo ukatoweka. Breki hulifunga gurudumu pamoja na nako, yaani ule mkono mzito wa chuma unaoibeba beringi. Ikiwa mchezo umekwisha mara tu vitu hivyo viwili vilipofungwa pamoja, basi ulikuwa baina yao, na baina yao hamna ila beringi. Hiyo ni ithibati isiyogharimu hata shilingi moja.

Beringi ya gari hili ni ya safu mbili za gololi, zilizowekwa baina ya pete mbili za ndani na pete moja ya nje. Pete ya nje imebanwa ndani ya nako, haizunguki. Pete za ndani zimebanwa juu ya shingo ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, nazo huzunguka pamoja na gurudumu. Wazo la kuituliza ekseli ya gari juu ya gololi ni la zamani, kwani Philip Vaughan wa Wales alipewa hataza yake mwaka 1794, ila lilikaa miaka mingi bila faida kubwa mpaka Friedrich Fischer, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alipobuni mwaka 1883 mashine ya kuzisaga gololi zikawa duara kamili na za kipimo kimoja. Fauka ya hayo, mwaka 1947 Waswidi Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren walieleza kwa hesabu uhusiano wa uzito na umri wa beringi: ya gololi ikibebeshwa uzito mara mbili, umri wake hubaki thumuni ya ule wa awali. Mwenye gari anayejaza magunia nyuma na abiria wanne ndani, kisha akaliangusha gurudumu shimoni bila kupunguza mwendo, anaikata beringi yake umri kwa hesabu hiyo.

Kufungua hakukuwa na ajabu. Nati kubwa ya shafti, ya milimita 30, ililegezwa baada ya gari kushushwa kwanza likasimama juu ya magurudumu, kwa bomba refu lililochomekwa kwenye mpini wa spana, kisha likapandishwa tena na gurudumu likavuliwa. Kalipa ya breki ikafunguliwa ikaning'inizwa kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake. Tairodi na boljointi zikaachanishwa. Kabla ya kulegeza bolti mbili zinazoifungia nako kwenye shoka, yaani shokomzoba, fundi alizichora mistari kwa msumari, kwa sababu mahali zinapokaa ndipo panapoamua mwinamo wa gurudumu. Shafti ikasukumwa nje, nako yote ikabebwa mpaka kwenye presi ya tani 20.

Hapa ndipo penye ilimu yenyewe. Habu ilikandamizwa ikatoka, na kama ilivyo kaida, ikatoka na pete moja ya ndani iking'ang'ania shingoni mwake. Na hapo, maadamu nguvu ya kuitoa habu imepitia kwenye gololi, beringi ile ya kale imekwisha hata kama ilikuwa nzima, haipasi kurudishwa. Ile pete iliyobaki ilichanjwa kwa grainda mpaka karibu ikatike, bila kuigusa shingo ya habu, ikapasuliwa kwa patasi. Shingo ikapanguswa na kukaguliwa kwa ukucha, kwa kuwa mkwaruzo mdogo tu pale huipotosha pete mpya. Kisha ikatolewa saklipu, ile pete yenye mwanya inayoizuia beringi upande wa ndani wa nako, na mabaki ya beringi yakasukumwa nje. Grisi iliyotoka ilikuwa ya rangi ya kutu, dalili ya kwamba sili ya mpira ilikuwa imepitisha maji.

Beringi mpya ilikuwa imelala usiku kucha, ndani ya mfuko wake wa nailoni, katika friza la buchari, na Kamakis, mashuhuri kwa nyama choma, si mahali pa kukosa friza. Wapo watakaodhani kwamba huo ni ushirikina wa mafundi, lakini hesabu inaukubali. Chuma hunywea kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya baridi. Pete ya milimita 70 iliyoshushwa digrii 40 hupungua takriban sehemu 3 za mia za milimita, kiasi kinachokaribiana na ule ubanano wenyewe unaoishikilia ndani ya nako. Hivyo presi ikapata kazi nyepesi. Na juu ya beringi hapakuwekwa soketi yoyote iliyookotwa, bali bamba la duara lililokalia pete ya nje peke yake, ili nguvu ishuke katika chuma kinachobanwa, isizipitie gololi. Saklipu iliporudi mfereji wake na sili mpya ikakaa, amri iligeuka: sasa habu ndiyo iliyokuwa ikiingia katika pete za ndani, kwa hiyo ni pete ya ndani iliyowekewa nguzo chini yake, na ya nje ikaachwa bila kushikwa. Aliyefahamu mabadiliko hayo mawili ameifahamu kazi nzima.

Nyundo ndiyo hasimu mkuu wa kazi hii, nami nasema hivyo bila kuwadharau wanaoitumia kwa kukosa presi. Mwaka 1900 Mswidi Johan August Brinell alidhihirisha njia ya kupima ugumu wa chuma kwa kukikandamiza kwa gololi ngumu, kisha kukipima kishimo kinachobaki. Fundi anayeipiga beringi kwa nyundo juu ya pete isiyostahili hufanya jaribio hilohilo bila kukusudia: kila gololi huacha kishimo katika njia yake, kishimo kisichoonekana kwa jicho, na kuanzia siku hiyo kila mzunguko wa gurudumu huzipitisha gololi juu ya mabonde hayo mpaka chuma kianze kubanduka. Mwenye gari atarudi baada ya miezi michache, ataambiwa kwamba beringi ilikuwa bandia, naye ataamini.

Bandia nazo zipo, wala sikanushi. Kenya imekuwa na sheria maalumu ya kuzipiga vita bidhaa ghushi tangu 2008, na katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, iliyokuwa ikiitwa Grogan, mnunuzi atapewa beringi za bei tatu tofauti kwa gari moja. Wengine hununua nako nzima iliyovuliwa katika gari kuukuu la Japani, beringi ikiwa ndani yake, wakaepuka gharama ya presi. Kwangu hiyo ni karata ya bahati, kwa kuwa anayeinunua hajui beringi ile imekwenda kilomita ngapi, wala imesimama mvuani kwa muda gani. Lakini kwa mtu aliye mbali na presi, ni afadhali nako hiyo kuliko beringi mpya iliyopigwa nyundo.

Imebaki nati. Watu huiona kuwa ni ya kuizuia shafti isitoke, kumbe ndiyo inayozibana pete mbili za ndani zikagusana na kuipa beringi mkazo wake sahihi. Ikilegea, gololi hucheza, na gari likishushwa lisimame kwa uzito wake kabla nati haijakazwa, beringi mpya inaweza kuharibika papo hapo kabla haijatoka gerejini. Magari madogo ya namna hii huhitaji mkazo wa Nyutoni-mita 180 hadi 250, kila moja kwa kipimo chake katika kitabu cha mtengenezaji. Mwanagenzi alikanyaga breki, fundi akakaza kwa spana yenye kipimo aliyoiazima gereji ya pili, akatia pini mpya, kisha ndipo gari likateremshwa na nati za gurudumu zikakazwa kwa Nyutoni-mita 103.

Katika barabara ileile uvumi ulikuwa umekwisha. Bolti za shoka zilikuwa zimerudi katika mistari yake, na hata hivyo fundi alimwelekeza mwenye gari kwenye mashine ya kupimia mlingano wa magurudumu. Beringi ya kulia haikuguswa. Wapo wanaoshikilia kwamba zibadilishwe mbili kwa pamoja kama zibadilishwavyo pedi za breki, lakini pedi za pande mbili hufanya kazi moja na zikitofautiana gari huvuta upande, ilhali beringi moja haiitegemei ya pili; ya kulia ilizungushwa, ikasikilizwa, ikatikiswa, ikawa kimya na imara, na mwenye gari akalipia kazi ya upande mmoja.