Sikio Hutangulia

Mghani akifika mshororo wa nne wa ubeti, hadhira huwa imekwisha kumtangulia. Midomo inacheza pamoja na yake, na wapo wanaolitamka neno la mwisho kabla yeye hajalitamka, hata kama shairi lenyewe hawajapata kulisikia. Hakuna aliyewafundisha ubeti huo. Walichonacho ni kanuni yake tu: mizani nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani nane za utao, yaani nusu ya pili, kina cha kati, kina cha mwisho. Wakiisha kuisikia kanuni hiyo katika mishororo miwili, inatosha kuwafikisha mwisho wa ubeti mapema kuliko sauti yake.

Nimetunga ubeti mmoja ili jambo hili lionekane wazi:

Upepo umeshavuma, mashua imo njiani,
Nahodha ameusoma, yupo kwenye usukani,
Wa pwani wanatazama, macho yao baharini,
Dua zetu ni salama, warudi wote…

Nina hakika msomaji hakukwama hapo. Neno lilimjia lenyewe: nyumbani, au pengine mjini. Halikumjia neno bandarini, ingawa maana inalikubali, kwa sababu bandarini lina mizani nne na nafasi iliyobaki ni ya mizani tatu. Nani aliyehesabu? Msomaji hakuhesabu kitu. Sikio lake ndilo lililohesabu, likayachuja maneno yote anayoyajua, likabakiza machache yenye mizani tatu, yanayoishia na ni, yanayotaja mahali. Kazi yote hiyo ilifanyika katika muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho.

Malenga wetu waliujua uwezo huu wa sikio na kuufanyia kazi kwa karne kadhaa. Wataalamu wa ubongo wameanza kuuona kwenye mitambo yao juzi juzi tu. Mwaka 1978 Risto Näätänen, mwanasaikolojia wa Finland, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watu waliosikilizishwa sauti moja ikirudiwarudiwa. Kila baada ya muda, sauti tofauti kidogo ilipenyezwa katikati. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha wimbi dogo lililozuka kila ile sauti ngeni ilipotokea, hata ilipopita katika sikio ambalo mtu hakutakiwa kulitega. Tafiti zilizofuata zimeliona wimbi hilo kwa watu wanaosoma kitabu, na hata kwa waliolala. Maana yake ni kwamba ubongo hausubiri kuambiwa sikiliza. Muda wote unashika utaratibu wa sauti zilizopita, unajenga makisio ya itakayofuata, kisha unalinganisha. Kinachonivuta si kidogo ni hiki: sauti iliyotarajiwa isipokuja kabisa, ubongo hutoa ishara vilevile. Kimya kilichokaa mahali pa sauti ni tukio.

Uwezo huu hatufundishwi. Mwaka 2009 István Winkler wa Hungary na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga wa siku mbili tatu, wakiwa usingizini. Walipigiwa mdundo wa ngoma, na mara mojamoja pigo kuu la mdundo likaachwa. Bongo za wale watoto zilishtuka. Mtu ambaye hajapata kuona jua la wiki moja tayari anajua pigo lilipaswa kuangukia wapi! Kila nikilikumbuka jambo hili naona kwamba anayehesabu mizani hamtwishi mwanadamu mzigo wa kigeni. Anaanzia pale mwanadamu alipoanzia.

Turudi kwenye ubeti. Mtunzi wa kawaida ataumaliza kwa nyumbani, na hakuna wa kumlaumu. Sasa hebu tuumalize hivi: dua zetu ni salama, warudi wote peponi. Mizani ni tatu. Kina ni ni. Sikio limepewa kila lilichoahidiwa, wala halina la kudai. Lakini moyo umeanguka. Wale watu wa pwani waliokuwa wakitazama sasa wanatazama maji matupu, na ile dua ya salama imegeuka kuwa dua ya maziko. Hata upepo wa mshororo wa kwanza unasikika upya, kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa umeibeba ile pepo ndani yake.

Hapa ndipo naona kilele cha ufundi wa malenga. Msikilizaji hukisia kwa ngazi mbili kwa wakati mmoja: anakisia sauti na anakisia maana. Ile ngazi ya pili nayo ina alama yake katika ubongo. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, huko California, waliwapa watu sentensi za kusoma neno baada ya neno, baadhi zikimalizikia kwa neno lisilo na mahali pake, mfano wa mtu anayepaka mkate wake soksi. Takriban sekunde sifuri nukta nne baada ya neno hilo, wimbi mahususi la umeme lilijitokeza. Malenga hodari huitimiza ahadi ya sauti kwa ukamilifu ili apate ruhusa ya kuivunja ahadi ya maana. Akizivunja zote mbili, msikilizaji hapotei kwa mshangao, anapotea tu, kwa kuwa hana pa kushika. Akizitimiza zote mbili ubeti hadi ubeti, sikio linasinzia, kwani ubongo hupunguza mwitikio wake kwa kile kinachorudi bila badiliko. Ndiyo maana mashairi mengi yasiyo na kosa hata moja la arudhi hayakumbukwi na mtu.

Nasema haya nikiukumbuka ule mgogoro wa miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974, wakati upande mmoja ulipodai kwamba pasipo vina na mizani hakuna shairi, na upande wa pili ukaziita kanuni hizo pingu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziweka kanuni zenyewe kitabuni, katika Sheria za Kutunga Mashairi, na jina la kitabu pengine liliwafanya wengi waone mahakama mahali palipokuwa na masikio. Kwa maoni yangu pande zote mbili ziliangalia karatasi mno. Kina hakipo kwa ajili ya mtunzi, si pambo lake wala kifungo chake. Kina ni mapatano na msikilizaji, naye akishapewa mapatano anakuwa kama mtu aliyekwisha kufungua kiganja kabla kikombe hakijamfikia. Shairi huru lililo zuri nalo lina mapatano yake: neno linalorudi, muundo wa sentensi unaojirudia, pumzi inayokatika pale pale. Lililo baya halikuahidi chochote, kwa hiyo haliwezi hata kushtua. Na kero ambayo mzee aliyezoea mashairi huionyesha anaposikia guni, lile shairi lililopungukiwa na mizani au lililoteleza kina, si ukaidi wa uzee. Ni lile wimbi la Näätänen.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtunzi. Ukisikia vile vyombo vyetu vikubwa, sikio linajua kwamba kitenzi kitakuja kimevaa vi kichwani, kabla hakijaja. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo huangukia ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msikilizaji anaonywa mapema kwamba neno linafunga. Mahali neno linapozidi au kupunguka, mtunzi ana inkisari ya kulifupisha na mazida ya kulirefusha. Nimewahi kusikia vifaa hivyo vikiitwa visingizio. Mimi naviona kuwa heshima kwa sikio: afadhali neno lijikunje kuliko msikilizaji aangushwe.

Tena sikio hulipa fadhila. Mwaka 1970 Richard Warren, mtafiti wa Marekani, aliikata sauti moja ndani ya neno lililorekodiwa na kupachika kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walilisikia neno likiwa zima, na hawakuweza kusema barabara kikohozi kilitokea wapi. Mghani wa arusini anayeghani katikati ya vilio vya watoto na vishindo vya sahani anaitegemea hali hiyo kila siku. Kina kikimezwa na kelele, hadhira inaliziba pengo yenyewe na kuapa kwamba ilikisikia.

Na raha yenyewe haingoji kina kitue. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, wakiongozwa na Valorie Salimpoor, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki aupendao, dopamini huachiliwa katika sehemu moja ya ubongo kabla ya ile nukta inayomsisimua, na katika sehemu nyingine nukta hiyo inapofika. Kumbe kule kusubiri nako ni sehemu ya karamu. Mghani mzoefu analijua hilo bila mitambo: hurefusha irabu ya mwisho wa utao wa tatu, anavuta pumzi, anawaacha watu waning'inie kidogo kuliko walivyopenda, ndipo anashuka.

Waliotunga tendi walikuwa na kazi ngumu zaidi, nao nawavulia kofia. Utenzi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate, ambao nakala yake ina tarehe ya 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na cha nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi. Msikilizaji akishapita beti kumi, sauti ya mwisho haina siri tena. Kilichobaki kukisiwa ni neno gani litakaloifikia, na kwa njia ipi. Mwengo alikuwa na mizani ishirini na nne za kumpeleka msikilizaji mbali na jibu hilo na mizani nane za kumrudisha, kisha akaanza tena, mara elfu na zaidi.