Herufi Tatu, Wenyewe Wengi: Vifupisho na Upatanisho wa Kisarufi

Aghalabu kifupisho huhesabiwa kuwa jambo la wapiga chapa, wala si la wanaisimu. Dhana hiyo yastahili kukosolewa, na herufi FRC zatosha kuwa ushahidi. Huko Marekani na Kanada herufi hizo husimamia Makanisa Huru ya Matengenezo, yenye asili ya Uholanzi; nchini Australia kuna umoja mwingine wa makanisa wenye jina lilo hilo. Katika Jeshi la Majini la Marekani, tangu mwaka 2006, ni vituo vya kukarabati ndege za kivita, kama kilichoko Jacksonville. Uingereza ni baraza lililoanzishwa mwaka 1990, linalosimamia viwango vya taarifa za hesabu. Nairobi ni kituo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, kinachopokea ripoti za fedha zinazoshukiwa kuwa haramu.

Yaweza kudaiwa kwamba Kiswahili kimekwisha kuzoea maneno ya umbo moja. Ni kweli, lakini maneno hayo hutenganishwa na ngeli. Kaa wa pwani amekufa. Kaa la moto limezimika. Msikilizaji hapotei. Kifupisho, kwa upande wake, hakina kiambishi. Kauli yake hutegemea nomino kuu iliyofichika ndani yake. Hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa na hazina ambayo Kiingereza hakina. “FRC limeonya” ni baraza. “FRC kimepokea” ni kituo. “FRC yamekutana” ni makanisa. Kiambishi kimoja chatoa nusu ya maelezo.

Kwa bahati mbaya, desturi iliyoenea ni kuvitia vifupisho vyote katika ngeli ya I-ZI: “FRC imesema”. Watetezi wa desturi hii wana hoja yenye uzito. Msemaji husikia herufi tu, wala hana nomino akilini. Isitoshe, ngeli hiyo ndiyo makao ya maneno mengi ya kukopwa. Hata hivyo, hoja hiyo yaeleza chanzo cha desturi, haithibitishi ubora wake. Mfasiri wa habari za fedha akiandika “FRC imetoa agizo”, msomaji wa Nairobi atafikiri ni kituo cha kwao, ilhali pengine ni baraza la Uingereza. Kosa la namna hiyo laweza kuharibu sifa ya benki isiyo na hatia.

Lakini upatanisho peke yake hautoshi. Marekani kuna Baraza la Utafiti wa Familia, nalo pia ni FRC. Hivyo “limeonya” haliwezi kulitenga na lile la Uingereza. Kwa sababu hiyo jina kamili halina budi kutangulia, na kifupisho kifuate.

Vifupisho vilivyobuniwa na Waswahili wenyewe vyaonyesha njia bora zaidi. BAKITA na BAKIZA vimeundwa kwa silabi: silabi moja yatosha kumjulisha msomaji kwamba moja ni baraza la taifa la Tanzania, na jingine la Zanzibar. UKIMWI nao umekwisha kuwa neno kamili, lenye ngeli yake. Wahariri na watunga kamusi wangefaa kuvichunguza vifupisho kama wanavyochunguza istilahi nyingine, kwani navyo vina sarufi yake.