Wavu, Lema na Fuwele: Uhakiki wa Jibu Tulilolikosesha

Katika mtihani mmoja wa somo la Istilahi na Tafsiri tuliwauliza wanafunzi wetu wa mwaka wa pili swali tulilodhani ni jepesi: "Eleza kwa Kiswahili fasaha fuwele ni nini." Mwongozo wetu wa kusahihishia ulikuwa na jibu moja tu, kwamba fuwele ni mango ambayo atomi zake zimejipanga kama wavu. Kila aliyetaja wavu alipata alama nne. Mwanafunzi mmoja aliandika hivi: "Si wavu. Ni kama lema juu ya lema." Tulimpa sifuri. Neno lema tukalizungushia wino mwekundu na pembeni tukaandika: "Tahajia."

Siku ya pili alikuja ofisini, akaamkia, akaweka karatasi mezani. Hakuja kuomba alama. Alisema, "Mwalimu, nimekuja kuuliza. Wavu hukunjwa ukatiwa kapuni. Msumari nao hukunjwa vivyo hivyo?" Tulikosa jibu la haraka. Makala haya yametokana na swali lake, nayo ni uhakiki wa majibu mawili: letu na lake.

Kwanza tumweleze muulizaji, maana jibu lake lina kwao. Wazee wake walitoka Kudha, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kandokando ya pwani kusini mwa Kismayo, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Lugha yao ni Kitikuu, lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, na riziki yao ilitoka baharini. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na familia yake ilikuwa miongoni mwao. Yeye alikulia Mombasa, miguuni pa babu yake aliyekuwa akisuka mitego. Lema ndio mtego wenyewe: tumba kubwa la fito lenye mdomo wa kuingilia samaki, ambalo wengine huliita dema. Kwa hiyo neno tulilolizungushia wino halikuwa na kosa lolote la tahajia. Kosa lilikuwa la msahihishaji asiyelijua.

Sasa tulitazame jibu letu. Mfano wa wavu una sifa moja kubwa ambayo hatupaswi kuidharau, nayo ni marudio. Mvuvi akishalijua jicho moja la wavu, ameyajua yote. Akienda huku au kule atakuta umbali uleule na fundo lilelile. Hivyo ndivyo ilivyo katika fuwele. Chukua punje ya chumvi ya mawe. Ndani yake ayoni za sodiamu na za klorini zimepishana kwa zamu, kila moja imezungukwa na sita za aina ya pili, na mpangilio huo hujirudia kila baada ya nanomita 0.56 hivi, mamilioni ya mara, mpaka kwenye ukingo wa punje. Ndiyo maana punje za chumvi zilizokauka taratibu huwa na sura ya mchemraba: umbo la nje linafuata mpangilio wa ndani. Kioo cha dirisha nacho ni kigumu, lakini atomi zake hazina marudio hayo, kwa hiyo hakihesabiwi kuwa fuwele. Wavu unaeleza tofauti hii vizuri.

Hata hivyo, baada ya hapo mfano wetu unapotosha mara tatu. Kwanza, wavu ni bapa, ilhali fuwele hujirudia kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Pili, mafundo ya wavu yameshikwa na uzi. Ndani ya chuma hakuna uzi. Zipo nguvu za mvutano kati ya atomi na elektroni zinazozunguka baina yao. Mwanafunzi aliyekaririshwa wavu atautafuta uzi huo asiuone. Tatu, na hili ndilo swali la msumari, wavu hukunjika kwa sababu uzi ni mlegevu. Msumari hukunjika kwa sababu nyingine kabisa: tabaka za atomi huteleza juu ya tabaka nyingine. Wala haziteleze zote kwa pamoja. Aliyewahi kusogeza jamvi zito la msikitini anajua kwamba ukilivuta lote halitii, lakini ukifanya kunyanzi upande mmoja na kulisukuma polepole hadi upande wa pili, jamvi husogea. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba metali hukunjika kwa namna inayofanana na hiyo: dosari ndogo ya mpangilio husafiri ndani ya fuwele hatua kwa hatua.

Tugeukie jibu la mwanafunzi. Tulimwomba alete lema, akaleta dogo alilosukiwa alipokuwa mtoto. Fito zake zinapita katika pande tatu na kupishana, zikiacha matundu yenye pembe sita. Kila tundu limezungukwa na matundu sita mengine. Sasa tuseme katikati ya kila tundu kuna atomi. Tutakuwa tumepata tabaka moja la metali ya zinki au ya magnesi: kila atomi ina majirani sita katika tabaka lake. Zinki haiko mbali nasi. Ile michoro kama maua inayong'aa juu ya mabati mapya ni fuwele za zinki zilizokua mpaka zikaonekana kwa macho.

Aidha, aliposema "lema juu ya lema" alitaja kina, jambo ambalo mwongozo wetu ulilisahau. Lakini hapa nasi tuna haki ya kumhakiki. Tabaka la pili halikai wimawima juu ya la kwanza. Husogea kidogo ili atomi zake zikalie mabonde yaliyo kati ya atomi za chini, kama muuzaji apangavyo machungwa sokoni. Hapo kila atomi hupata majirani kumi na wawili: sita ubavuni, watatu juu na watatu chini. Tabaka la tatu likirudi palepale lilipo la kwanza, tumepata mpangilio wa zinki. Likienda mahali pa tatu, tumepata mpangilio wa shaba, fedha, dhahabu na alumini. Lema halisemi lolote kuhusu kusogea huku. Wala halifai kwa chuma cha kawaida, ambacho mpangilio wake ni mchemraba wenye atomi katika pembe zake nane na moja katikati. Chuma hicho kikipashwa moto kupita nyuzi 912 za Selsiasi, hujipanga upya na kufuata mpangilio kama wa shaba. Kwa hiyo lema ni mfano mzuri wa baadhi ya metali, si fasili ya fuwele zote.

Je, tuyatupe majibu yote mawili? La. Tukiyaweka pamoja yanatufikisha kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: kuna dhana mbili hapa, nasi tulikuwa tukizifunika kwa neno moja. Dhana ya kwanza ni ule utaratibu mtupu wa nukta zinazojirudia, ambao hauna atomi wala uzi. Ni kiunzi cha fikra tu. Mfaransa Auguste Bravais alionyesha mwaka 1848 kwamba viunzi vya namna hiyo, kwa pande zote tatu, ni 14 tu. Dhana ya pili ni fuwele yenyewe, yaani kiunzi hicho pamoja na kile kilichotundikwa katika kila nukta. Katika chuma, kila nukta imebeba atomi moja. Katika chumvi, kila nukta imebeba jozi ya sodiamu na klorini. Katika zinki, atomi mbili. Viunzi ni vichache, lakini vinavyoweza kutundikwa havina idadi.

Kwa dhana ya kwanza tunapendekeza neno kimia. Wavuvi wanalijua kuwa ni wavu wa kutupa, na wapenzi wa soka husikia kila wiki mpira ukitinga kimiani. Likitengewa kazi hiyo moja, ule udhaifu wa wavu hautadhuru, kwa sababu hatutakuwa tunadai kwamba ndani ya chuma mna nyuzi. Kwa dhana ya pili tuseme muundo wa fuwele. Kisha mwalimu ajaribu sentensi hii: "Shaba na chumvi zina kimia kimoja, lakini miundo ya fuwele zake ni tofauti." Sentensi hiyo ni sahihi kisayansi, na kwa mwongozo wetu wa zamani isingewezekana hata kuandikwa.

Tunaona faida nyingine. Kiini hiki hakikuwa siri ya maabara peke yake. Ni kweli kwamba ilibidi kungoja mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei ndani ya fuwele, na mwaka 1913 akina Bragg, baba na mwana, walipoutambua muundo wa chumvi, ndipo mpangilio wa atomi ukathibitika. Lakini lugha ya kuuelezea mpangilio, yaani jicho, fundo, tundu na tabaka, ilikuwapo zamani mikononi mwa wasukaji. Msamiati huo hupungua kila jamii ya wavuvi inapotawanyika. Mjukuu anayekulia mjini atalijua neno lema iwapo tu babu yake bado anasuka. Na akilileta darasani nasi tukalizungushia wino mwekundu, hatalileta tena.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu mambo mawili. Mosi, istilahi ya sayansi isipimwe kwa kamusi pekee. Iulizwe kama inaweza kubeba sentensi ya kweli na kuikataa ya uongo. Pili, neno la lahaja likitokea katika jibu, mwandishi wake aulizwe kabla ya kukatwa alama.

Na kwa wanafunzi tunaacha zoezi. Matumbawe hai hujijengea mifupa ya kalsiamu kaboneti katika muundo uitwao aragoniti. Baada ya muda mrefu sana, mwamba huohuo hugeuka kuwa kalisiti: kemikali ni ileile, mpangilio ni mwingine. Elezeni badiliko hilo kwa Kiswahili bila kutumia neno wavu.

Yule mwanafunzi tulimrudishia alama tatu kati ya nne. Ile moja tuliizuia kwa sababu ya kusogea kwa tabaka, naye alikubali. Mwongozo wetu wa kusahihishia, kwa kipimo hichohicho, tuliupa mbili.