Samurai Saba kwa Mtazamaji wa Kikopey

Msafiri wa barabara ya Nairobi hadi Nakuru huitambua Kikopey kwa moshi wa nyama choma. Mteja hupimiwa kilo zake, kisha huketi kungoja. Aliyezoea subira hiyo hawezi kushindwa na Seven Samurai, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, yenye dakika 207 na mapumziko katikati.

Haina rangi, na wahusika wake wanasema Kijapani. Wengi watauliza kama ipo iliyosimuliwa na DJ Afro. Wana haki. Wakenya wengi wamezijua filamu za ng'ambo kupitia sauti yake, kama Watanzania walivyomsikiliza Lufufu. Msimulizi huwaambia ni nani huyu, anakwenda wapi, na kwa nini amekasirika. Uhodari wa Kurosawa ni kwamba kazi hiyo ameifanya mwenyewe, kwa picha.

Hadithi ni ya Japani ya karne ya 16. Majambazi wanapanga kukivamia kijiji shayiri ikishaiva, na mkulima mmoja anawasikia. Mzee wa kijiji anashauri watafutwe samurai wenye njaa, kwa kuwa malipo ni chakula tu: wageni watakula wali, wenyeji nafaka duni. Kambei, samurai anayeigizwa na Takashi Shimura, anakataa. Kisha anapokea bakuli la wali mkononi, na mambo yote yanageuka. Hakuna upanga uliochomolewa hapo.

Kabla ya vita, Kambei anakikagua kijiji pande zote, ramani mkononi. Majambazi ni 40. Anawachora kama maduara karatasini, na kila anayeuawa anafutwa kwa alama. Bendera ya samurai hao saba ina maduara sita na pembetatu moja, ya Kikuchiyo (Toshiro Mifune), mtoto wa mkulima anayejidai samurai. Basi mapambano yanapoanza, mtazamaji anajua adui atatokea wapi na wamebaki wangapi. Mvua inanyesha, farasi wanateleza, watu wanagaragara matopeni. Kurosawa aliyapiga picha mapambano hayo kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana vurugu yake haionekani kama ngoma iliyofanyiwa mazoezi.

(Asiyependa kuambiwa mwisho aruke aya hii.) Samurai wanne wanakufa, na wote wanne kwa risasi. Hata Kyuzo, bingwa wa upanga asiye na mshindani, anaangushwa na bunduki.

Wamarekani waliiiga mwaka 1960 katika The Magnificent Seven, ambako walinzi wanalipwa dola 20 kila mmoja. Ni filamu tamu, lakini bakuli la wali lina uzito kuliko dola hizo.

Asiye na saa tatu na nusu aanze na Yojimbo ya 1961: Mifune tena, mji mmoja, magenge mawili, na dakika 110 tu.