Kuisoma Katambuga

Igeuze katambuga juu chini na utakutana na kashata za tairi la lori. Wengi wakishaziona hizo huishia hapo, wakasema ni kiatu cha maskini, wakakirudisha chini. Naomba tuendelee kukitazama. Kila mstari wa kiatu hiki uliamuliwa na mtu aliyeshika kisu, na uamuzi wa fundi unastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule tunaoupa ushairi au riwaya. Umbo hili linatimiza lililokusudiwa? Limekwama wapi? Na likirekebishwa, ni kitu gani kisiguswe?

Tunduma ni mahali pafaapo kwa usomaji huo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji, reli ya TAZARA inavukia hapohapo, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, lakini lori bado ndilo linaloupa mji sura yake. Nalo lori likichakaa humwachia fundi vitu viwili: tairi linalokatwa soli, na springi inayofuliwa kuwa kisu cha kukatia soli hiyo. Wavaaji nao hawako mbali. Wako wafugaji wa Kisukuma na Kimasai waliohamia pande za Momba, wako wakulima wa kahawa wa Mbozi, wako makuli wa kupakia na kupakua mizigo. Mkoa wenye mji huu, Songwe, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na katambuga zilikuwa zimekwishavaliwa huko miaka mingi kabla.

Tuanze na soli, maana humo ndimo mna akili kubwa ya kiatu hiki. Fundi hukata akifuata mzunguko wa tairi, hakatizi upana wake. Tairi la lori lina kimo cha mita moja na kidogo. Ukitoa humo kipande cha sentimita 26, kitovu kikigusa chini ncha zake mbili zitabaki zimeinuka karibu sentimita moja na nusu. Mpira haulisahau duara lake. Uzito wa mwili huubana kiasi, lakini mguu ukinyanyuliwa soli hurudi kupinda.

Faida ya mpindo huo inaonekana mtu anapotembea. Ncha ya mbele iliyoinuka haikwami kwenye mizizi wala mawe, na unyayo hubingirika kutoka kisigino hadi vidoleni bila kulazimika kuikunja soli nene. Wachonga kalibu, yale maumbo ya mti ambayo viatu vya ngozi hushonewa juu yake, huuchonga mwinuko huo wa mbele kwa makusudi, kwa sababu soli ngumu isiyo nao humchosha mvaaji. Kampuni za viatu vya kukimbilia zinauza soli zilizopinda kwa bei kubwa. Fundi wa matairi aliupata mpindo huo ndani ya malighafi yenyewe na akaujengea kiatu kizima juu yake. Kwa kipimo chochote cha uhakiki hapa fani imefaulu kweli, kwa kuwa umbo limetoka ndani ya kitu chenyewe.

Lakini mpindo huohuo humgeukia anayesimama. Mfugaji anayefuata ng'ombe siku nzima hauhisi. Mama anayesimama kibandani tangu asubuhi anauhisi, kwa kuwa sehemu inayogusa ardhi imekaa chini ya uvungu wa unyayo, pahali ambapo mguu haukuumbwa kubebea mzigo. Dawa yake ni ndogo na haihitaji mashine: kuchonga kashata za katikati kwa milimita chache, kama upana wa vidole vinne, ili uzito uhamie kwenye kisigino na kwenye shina la vidole. Mbele paachwe palivyo. Anayenunua kiatu cha kutembelea apewe kilichopinda chote, na wa kusimamia apewe kilichochongwa. Hizo tayari ni aina mbili za kiatu kutoka tairi moja, na ufundi wa kuzitenganisha ni wa kisu kilekile.

Sasa tazama ukingo. Katambuga nyingi zina umbo la mstatili uliozungushwa pembe, na ukizilaza mbili sakafuni huijui ya kulia wala ya kushoto. Kuna sababu ya haki: mstatili haupotezi mpira, na kiatu kisicho na upande kinaweza kubadilishwa mguu kila kinapoanza kulika upande mmoja, kikadumu zaidi. Nauheshimu uamuzi huo. Hata hivyo gharama yake inalipwa na mguu. Mguu wa binadamu umenyooka upande wa kidole gumba na umejipinda upande wa kidole cha mwisho. Juu ya mstatili, mpira wa bure unabaki nje huku kidole cha mwisho kikining'inia ukingoni, na kanda zinabeba kazi ya kuuzuia mguu usiteleze, kazi ambayo ingefanywa na umbo.

Hili si tatizo la Afrika peke yake. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 viatu vingi vya Ulaya na Marekani vilitengenezwa bila kulia wala kushoto, na mvaaji ndiye aliyevizoesha mguu. Mabadiliko yalikuja kalibu zilipobadilika. Thomas Blanchard wa Massachusetts alipata hataza mwaka 1819 ya mashine ya kuchonga maumbo yasiyolingana, aliyoibuni kwa ajili ya vitako vya bunduki, na mashine za namna hiyo baadaye zikachonga kalibu za viatu. Kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu ilibaki ya mikono hadi mwaka 1883, Jan Ernst Matzeliger alipopata hataza yake. Alikuwa mhamiaji mweusi aliyezaliwa Suriname mwaka 1852 na kufanya kazi viwandani Lynn, mji wa Massachusetts. Mfanyakazi hodari aliweza kuvuta jozi 50 hivi kwa siku. Mashine ya Matzeliger ilivuta mamia. Ninachokipenda katika kazi yake ni kwamba mashine ile iliiga mwendo wa mkono wa fundi: kushika, kuvuta, kukunja, kupiga msumari. Aliusoma mkono kwanza, chuma kikafuata.

Basi tuusome mkono wa fundi wetu. Hupima kwa macho, au kwa kumwambia mteja akanyage kipande cha tairi huku yeye akizungusha chaki. Kupima kwa kukanyaga ni njia bora kuliko namba ya dukani, maana mguu uliosimama hurefuka milimita kadhaa kuliko uliokaa, na hurefuka tofauti kwa kila mtu. Namba za Ulaya zimeachana milimita 6.7 hivi kutoka 41 kwenda 42. Chaki haina mapengo hayo. Kasoro ni kwamba chaki ikishafutika, kipimo kimekufa. Mteja akirudi baada ya mwaka anaanza upya, na kijana anayejifunza kazi hana cha kurithi isipokuwa macho ya bwana wake.

Chombo kinachokosekana hapa ni patroni. Karatasi ngumu ya boksi, au bati la dumu lililofunguliwa, likatwe umbo la mguu wa kulia, kisha ligeuzwe ili likate la kushoto. Weka alama ya mahali pa kila tundu la ukanda. Patroni kumi na mbili zikitundikwa ukutani, fundi ana kumbukumbu ya miguu ya mtaa wake wote, na kosa la jozi ya kwanza linasahihishwa kwenye bati kabla halijarudiwa katika jozi ya mia. Nalisisitiza jambo hili kuliko yote, kwa sababu ufundi usiokuwa na kielelezo cha kushikika hauboreki. Hurudiwa tu.

Kwenye kanda kuna usomaji mwingine. Kanda mbili hupishana juu ya vidole, nyingine huzunguka kisigino, na zote hupenya katika nyufa zilizokatwa ukingoni mwa soli kisha zikakamatwa kwa misumari midogo. Hakuna gundi wala uzi. Ukanda ukikatika, mwenye kiatu anaung'oa na kuupachika mwingine porini kwa jiwe tu. Uwezo huu wa kufunguka na kufungwa tena ndio moyo wa katambuga, nao ndio nisiotaka uguswe. Nimeona mapendekezo ya kuibandika kwa gundi ili ing'ae kama ya dukani. Ingeng'aa, na siku gundi ikiachia ingekuwa takataka.

Panapohitaji marekebisho ni ufa wenyewe. Ufa uliokatwa kwa ncha ya kisu una pembe kali miishoni, na mpira huanza kuchanika pembeni humo. Tundu dogo la duara katika kila mwisho wa ufa hutawanya mvuto na kuzuia mchaniko usiendelee. Chombo chake ni kipande chembamba cha bomba la chuma kilichonolewa mdomo, kikagongwa kwa nyundo. Mhunzi yeyote wa Songwe anaweza kukitengeneza. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo vizazi vingi kabla ya barabara ya lami.

Tatizo zito zaidi limeletwa na tairi lenyewe. Katambuga ilipata umbo lake enzi za matairi ya nailoni, ambayo kisu kilicholowekwa maji hukata vizuri. Kopo la maji pembeni ya fundi lina kazi hiyo, kwani mpira mkavu hukibana kisu. Malori ya leo yanatumia zaidi matairi ya waya. Chini ya kashata kuna mikanda ya nyuzi za chuma, na kisu kikiifikia kinasimama. Fundi analazimika kutumia tindo au grenda, vumbi la mpira na moshi vikamwingia kifuani, na ncha za waya zinabaki zikichungulia ukingoni, tayari kumchoma mvaaji au mtoto anayelala karibu na viatu.

Kwa maneno mengine, malighafi imebadilika na umbo halijajibu. Jibu ninaloliona ni kuuchuna mpira wa juu kutoka kwenye mikanda ya waya, tabaka kwa tabaka, kwa koleo na kisu chenye maji, kisha kutumia kashata peke yake juu ya soli ya pili laini. Kazi hiyo ni ngumu na inataka jiriwa ya kushikia tairi, si magoti ya fundi. Jiriwa, barakoa na kisu kirefu chenye mpini wa kushika kwa mikono miwili: hivyo vitatu vingebadilisha kazi kuliko cherehani yoyote.

Nasema hivyo nikikumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Jengo lake lilikuwa na kuta za alumini zisizo na mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Umbo lililoletwa zima kutoka kwingine liligoma kukaa mahali pake.

Hatari hiyohiyo imo katika kalibu za kigeni zinazotumiwa na washona viatu vya ngozi. Nyingi ni nyembamba mbele. Miguu iliyokua pekupeku huwa mipana vidoleni, na mtoto wa Ileje mkoani Songwe anayeshonewa kiatu cha shule juu ya kalibu hizo hubanwa kabla hajatoka mlangoni. Mti wa kuchongea kalibu zetu tunao. Mninga husinyaa kidogo sana ukikauka, sifa ambayo kalibu huihitaji kuliko zote, na vipande vinavyobaki kwa maseremala ni vya ukubwa unaotosha kiatu. Kalibu ikatwe vipande viwili vya kuunganika kwa kabari, ili itoke ndani ya kiatu kilichofungwa bila kukitanua.

SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii. Seti moja ya kalibu pana na seti moja ya patroni, zikiazimwa kwa mafundi wa Tunduma na Vwawa, si mradi wa kusubiri mfadhili.

Nawe msomaji, utakapokwenda kununua katambuga, usichukue jozi iliyotundikwa. Vua viatu, simama kwa miguu yote miwili juu ya karatasi ngumu ya boksi, mwambie fundi achore kulia na kushoto, umlipe kwa muda huo, kisha umwachie karatasi aitunze.