Kisanduku Kimoja, Kebo Moja, na Laptopu Imefufuka!

Jameni! Keti kwanza. Weka hiyo chai chini, vuta kiti, kwa sababu nikianza leo sijui nitanyamaza saa ngapi. Natoka Section 58 sasa hivi, hapa hapa Nakuru mjini, kwa rafiki yangu mmoja mpenda gemu, na mikono bado inaniwasha! Nimekishika. Nimekichomeka mwenyewe. Nimecheza mpaka giza likaingia bila habari. Na neno langu kwako ni moja, lisikie vizuri: ile laptopu yako unayotaka kuiuza kwa bei ya kutupa, usiiuze! Usiiuze hata kidogo! Haijaisha. Imekosa kisanduku tu.

Kisanduku gani? Ah, ndugu yangu, kisanduku! Cheusi, kizito, kimetulia mezani bila makeke, ubavuni kina vitundu vya kupumulia, na ndani yake imelala kadi ya grafiki ya kompyuta ya mezani, kadi nzima nzima, pana, nene, yenye feni zake! Kisha kebo moja, moja tu, inatoka kwenye kisanduku na kuingia ubavuni mwa laptopu. Basi. Laptopu haifunguliwi, bisibisi haiigusi, fundi haitwi. Unachomeka, unasubiri kidogo, skrini inapepesa mara moja, na mashine iliyokuwa ikihema kwa kufungua picha za harusi inaanza kubeba gemu ambazo jana ilikuwa ikizikataa mlangoni. Mimi nimeona kwa macho yangu haya mawili!

Nguvu hizo zinatoka wapi? Nitakueleza kwa mkato, maana hamu ya kukusimulia gemu inanisukuma mgongoni. Kila unachokiona kwenye gemu, kila jani, kila kivuli, kila punje ya vumbi, lazima kichorwe upya mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na anayechora ni kadi ya grafiki. Laptopu nyingi nyembamba hazina kadi inayojitegemea. Zina kichoraji kidogo kilichobanwa pamoja na prosesa, cha kutosha kuandika barua na kutazama filamu. Kikipewa gemu nzito, hoi! Sasa kisanduku kinaleta mchoraji mwingine kutoka nje, mwenye umeme wake, mwenye feni zake, mwenye nafasi ya kujinyoosha, na ile kebo moja, ya aina iitwayo Thunderbolt, inapitisha kazi kati yao kwa kasi ya hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Ni kama mtu wa kawaida kupewa mapafu ya mkimbiaji wa Iten. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile, lakini pumzi, bwana, pumzi!

Na laptopu yenyewe, nikwambie, haikuwa ya kifahari. Ilikuwa ThinkPad ya mtumba, zile zilizojaa madukani mjini, zilizotumika maofisini Uingereza kabla ya kusafirishwa kuja kwetu. Pembe zimechubuka, vibonye vinang'aa kwa kuguswa. Ukiiona hivi utasema hii ni ya kuandikia ripoti na kuchapishia barua za kuomba kazi. Pembeni yake pamekaa Razer Core X, kisanduku kilichotoka mwaka 2018, kipana, chenye mkono wa kukivutia nje kama droo. Nikauvuta. Ukateleza! Taratibu, laini, chuma juu ya chuma bila mkwaruzo, na kadi ikajitokeza, baridi, nzito kuliko nilivyotarajia, unaipakata kwa mikono miwili bila kuambiwa. Unaitua kwenye nafasi yake, unabonyeza, inasema "tak!" Lo, ile "tak!" Nimeipenda ile sauti mno! Unarudisha droo ndani, unawasha, feni zinanguruma kidogo halafu zinatulia, na hewa ya uvuguvugu inakupitia vidoleni.

Kisha nikachomeka kebo. Nene, fupi, inaingia kwa kubana vizuri. Na hapo hapo, kabla hata ya gemu, jambo la kwanza la kunishangaza: kitaa cha chaji kwenye laptopu kikawaka! Chaja ilikuwa kwenye mkoba, haijaguswa. Kebo ile ile inayopeleka kazi ya kuchora ndiyo inayorudisha chaji! Waya mmoja, kazi mbili, meza safi, na bado!

Na bado, kwa sababu hujaniona nikicheza.

Gemu ya kwanza tuliyofungua ni EA Sports WRC, ile waliyoitengeneza Codemasters, ikatoka Novemba 2023, na humo ndani, shikilia kiti chako, mna Safari Rally yetu! Yetu hii hii! Wajua mbio zilivyorudi mwaka 2021 pale Naivasha, baada ya miaka 19 nje ya ubingwa wa dunia, dereva Sébastien Ogier akaondoka na ushindi, na kaunti nzima ya Nakuru ikapakwa vumbi kwa furaha? Basi barabara zile zimo. Unafungua orodha ya njia na majina yanakuita kwa sauti ya nyumbani: Soysambu! Mbaruk! Malewa! Mbaruk, jameni, hapo tunapopita na matatu kwenda Gilgil! Nilipiga makofi peke yangu.

Rafiki yangu kwanza alichomoa kebo, akanionyesha bila kisanduku, nijue tofauti. Akateremsha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Gari likatoka, likakwama, likaruka, likakwama, miti imekuwa madoa ya kijani, kona inafika kabla picha haijafika. Unageuza usukani na gari linakutii baadaye, ukiwa umeshaingia kichakani. Inachosha, inaumiza macho, inakata tamaa kabisa.

Kisha kisanduku. Akapandisha ubora. Akapandisha tena. Akanipa kidhibiti na kusema, "Haya, enda."

Mama yangu! Vumbi! Wacha nikuambie habari ya vumbi. Linanyanyuka nyuma ya gari, linatanuka, linakaa hewani, jua la mchana linapenya katikati yake na kuligeuza dhahabu, halafu linaanguka polepole, laini laini, vile vile kama linavyofanya kule Elementaita lori likipita. Nyasi kavu zinainama pembeni. Kivuli cha mgunga kinapita juu ya boneti, kinapanda kioo cha mbele, kinatoweka. Mawe yanagonga chini ya gari na nayasikia kwenye viganja. Na picha haikwami! Inateleza, inamiminika, mfululizo, tulivu, safi, mpaka mwili wenyewe unaanza kulala kwenye kona. Nilijikuta nimeegemea kushoto na bega limegusa ukuta. Nikipunguza mwendo si kwa kuogopa, ni kwa kutaka kutazama. Nani hupunguza mwendo kwenye rali ili atazame nyasi? Gemu ikiwa nzuri hivyo, mtu yeyote!

Na bado!

Tukafungua mpira, maana Nakuru hii utatokaje kwa mtu bila kucheza mpira? Tumekua kwenye vibanda vya PlayStation mitaani, twajua vilivyo kupanga foleni, kulipia mechi, kushindwa na kumwachia mwenzako kidhibiti. Lakini huu ulikuwa mpira mwingine. Jasho shingoni mwa mchezaji linamulika. Jezi inakunjika akigeuka. Wavu ukipigwa unavimba, unatetemeka, unarudi, na unatamani kufunga tena kwa ajili ya wavu tu. Pasi inaondoka kidole kinapobonyeza, papo hapo, bila ule ucheleweshaji mdogo unaokunyima bao na kukuachia malalamiko.

Halafu akaweka Cyberpunk 2077. Usiku. Mvua. Mitaa imelowa, taa nyekundu na za samawati zimelala juu ya lami, ukitembea zinavunjika kwenye madimbwi na kujiunga tena. Nilisimama pale katikati ya barabara ya jiji la kubuni nikitazama dimbwi, dimbwi la maji tu, na magari yakinipigia honi. Sikusogea. Zuri ni zuri!

Na kitu ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho ni huu utulivu wa laptopu. Unakumbuka lile joto la laptopu ikicheza gemu, la kuunguza mapaja, na feni inayolia kama inadai haki yake? Sasa kazi nzito ya kuchora imehamia kisandukuni. Nikaweka kiganja juu ya vibonye katikati ya mbio: vuguvugu tu! Ngurumo iko kule pembeni, chini, ya sauti moja, inasahaulika mara tu gemu ikikunoga.

Kisha tukamaliza. Akabonyeza alama ya kutenganisha, akasubiri laptopu ikubali, akachomoa kebo, akaifunga ThinkPad na kuitia mkobani, nyepesi vile vile, kesho ni ya kwenda nayo darasani Njoro pale Egerton. Umeelewa uzuri wake? Mchana chombo cha masomo, usiku mnyama wa gemu, na hakuna anayebeba mzigo mzito kwenye matatu ya Njoro! Kisanduku kinabaki mezani kikimsubiri.

Sasa najua unauliza, yangu je, itaweza? Twende, chukua laptopu yako tuiangalie. Tafuta lile tundu dogo la USB-C, lile ambalo kichwa cha kebo kinaingia upande wowote. Je, kando yake pana kialama cha radi yenye ncha ya mshale? Ukikiona, ruka juu, hiyo ndiyo Thunderbolt! Usipokiona, tafuta maelezo ya modeli yako kabla ya kulia, au ya kulipa, kwa sababu si kila tundu la umbo hilo lina uwezo huo. Na hata likikosekana kabisa, bado kuna mlango wa nyuma: vijana wengine hutumia ubao mdogo wa kuunganishia, unaochomekwa ndani ya laptopu kwenye nafasi ya diski ya M.2, kadi inakaa nje wazi mezani na pawasaplai ya kompyuta ya mezani kando yake. Hapo bisibisi inahitajika, na moyo pia, lakini bei huwa ya chini sana kuliko ya kisanduku kamili. Wenye Mac, tazameni prosesa kwanza: Apple waliruhusu visanduku hivi mwaka 2018 kwa Mac za Intel, ila zile za M1 na kuendelea hazivikubali.

Jambo jingine la kukuongezea utamu: ukiweza, pata monita ya nje na uichomeke kwenye kisanduku chenyewe. Picha ikilazimika kurudi kwenye skrini ya laptopu, inapita tena kwenye kebo ile ile na kula sehemu ya nafasi yake. Kadi haitatoa kila tone la nguvu ambalo ingetoa ndani ya kompyuta ya mezani, hilo ni kweli kabisa, kebo ina ushuru wake. Lakini ukitoka kwenye picha ya kukwamakwama hadi ile niliyoiona mimi, huo ushuru hutauona. Kumbuka tu kwamba kisanduku hakina betri. Stima ikienda, laptopu ina betri yake lakini gemu itaondoka, kwa hivyo ukiwa na UPS, ipe kazi.

Na kadi? Si lazima mpya! Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na wachimbaji wengi wakamwaga kadi zao sokoni duniani kote. Kadi ya mtumba iliyotunzwa, ukaijaribu mbele ya muuzaji kwa gemu nzito huku ukisikiliza feni zake, itakufurahisha sana. Na utamu wa kisanduku ni huu: miaka ikipita na gemu zikizidi kuwa nzito, unavuta droo, unatoa kadi, unaweka nyingine. Laptopu haijui hata kilichobadilika!

Hukumu yangu? Moto wa kuotea mbali! Kwa mpenda gemu mwenye laptopu yenye tundu sahihi, sioni sababu ya kukimbilia mashine mpya kabla ya kujaribu hii. Basi inuka, igeuze laptopu yako ubavu sasa hivi, tafuta kile kialama cha radi, na ukikipata, mtafute mtu yeyote mwenye kisanduku akuruhusu uchomeke kebo kwa mkono wako mwenyewe. Anza na Soysambu. Punguza mwendo kwenye nyasi. Kisha unipigie simu, hata kama ni usiku wa manane!